SOMO LA FAMILIA: NYANGWE, KIJIJI KANDO YA MTO LUALABA



Hivi karibuni, katika darasa la watoto baada ya ibada, tuliwaomba watoto wachore kijiji cha wazazi wao. Walikuwa watoto kumi na mmoja. Wanane walichora bomba la maji la hapa Dzaleka, na ndoo zimepangwa mstari. Mmoja alichora nyumba ya Chinsapo, alikokaa na wazazi wake mpaka mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Wawili walirudisha karatasi tupu. Mmoja wao, msichana, akasema: "Mwalimu, mama anasema sisi ni watu wa Maniema. Lakini Maniema kwenyewe kukoje, mimi sijui."

Hakuna aliyecheka. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, na mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Sisi wazazi tunasema "kwetu" kila siku, lakini tukiulizwa kwetu ni wapi, mto gani unapita huko, nani walikuwa majirani, na mambo gani yalitokea, wengi tunajibu kwa kifupi tu: "Ni mbali."

Kwa hiyo somo la leo ni juu ya kijiji kimoja tu, kinachoitwa Nyangwe. Si kijiji cha kila mmoja wetu, na leo ni kidogo. Lakini mtakavyoona, maji ya kwetu wengi yanapita hapo, na lugha tunayosomea gazeti hili ilipita hapo pia. Wazazi, someni kwa sauti, na watoto wakae karibu. Mwenye kalamu na karatasi achore ramani tunapoendelea.

1. Nyangwe iko wapi?

Nyangwe iko mashariki ya Kongo, katika jimbo la Maniema, kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba. Ukingo wa kulia ni upande ulio kulia kwako unapotazama maji yanakokwenda. Kijiji kiko kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Kasongo, na zaidi ya kilomita 100 kusini ya mji wa Kindu. Ni nchi ya joto na mvua nyingi. Huko nyika yenye nyasi ndefu hukutana na msitu mkubwa, kwa hiyo watu wa pande hizo wanajua mambo ya msituni na ya nchi ya wazi. Hulima muhogo, ndizi, mahindi na mpunga, hukamua mawese, na huvua samaki.

Wakaaji wa mtoni wanaitwa Wagenya. Ni wavuvi na wenye mitumbwi tangu zamani. Ndugu zao wengine wanaishi kwenye maporomoko ya Kisangani, wanakojulikana kwa mitego mikubwa ya kapu inayofungwa kwenye miti katikati ya maji makali. Nchi kavu iliyozunguka ina makabila mengi: Wazimba, Wasongola, Wakusu, Wabangubangu, Warega na wengine. Wasomaji wetu wa makabila hayo watajaza tuliyoacha.

2. Maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi?

Hapa watoto wachukue karatasi. Mto Lualaba unaanzia katika nyanda za juu za Katanga, unapita Bukama, Kabalo na Kongolo. Chini ya Kongolo unabanwa na miamba mahali wanapoita kwa Kifaransa Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu. Ndipo unatanuka tena, unapita Nyangwe, Kindu na Ubundu, kisha unaanguka maporomoko saba ya Boyoma. Kuanzia Kisangani jina lake ni mto Kongo. Kutoka chanzo hadi bahari ya Atlantiki ni kilomita 4,700 hivi.

Sasa fuateni mstari wa pili. Ziwa Kivu, lenye Goma, Bukavu na miji ya magharibi ya Rwanda, humwaga maji yake katika mto Ruzizi. Ruzizi hushuka kati ya Kongo na Burundi, ukaingia Ziwa Tanganyika karibu na Uvira na Bujumbura. Ziwa Tanganyika lenyewe, lenye Baraka, Rumonge na Kigoma ukingoni, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga pale Kalemie. Lukuga hukata kwenda magharibi na kuungana na Lualaba karibu na Kabalo. Baada ya hapo maji hayo hupita Kongolo, kisha Nyangwe.

Mmeona? Mtu wa Bukavu, mtu wa Uvira, mtu wa Bujumbura, mtu wa Kalemie na mtu wa Bukama, maji ya kwao yanakutana kabla ya kufika Nyangwe. Hapa kambini tumezoea kuulizana, "Wewe ni wa upande gani?" Mto hauna swali hilo.

Lakini si maji yote ya nchi zetu yanakwenda huko. Sehemu kubwa ya Rwanda, na sehemu ya Burundi, hupeleka maji yake katika mto Nile. Na maji ya hapa yana njia yake: mto Lilongwe, uliotoa jina la mji mkuu wa Malawi, huingia mto Linthipe, kisha Ziwa Malawi, kisha mto Shire, kisha Zambezi, na mwisho bahari ya Hindi. Kwa hiyo sisi tumehama kutoka nchi ya maji yaendayo magharibi mpaka nchi ya maji yaendayo mashariki.

3. Soko la ukingoni

Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka pwani, waliopitia Tabora na Ujiji, walifika Lualaba na kufanya makao Nyangwe. Walitafuta pembe za ndovu, na walitafuta watumwa. Lakini soko walilikuta. Lilikuwa la wenyeji, na hasa la wanawake.

David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Scotland, alifika Nyangwe mwisho wa Machi 1871. Aliandika kwamba siku ya soko walikusanyika watu kama 3,000, wengi wao wanawake. Soko lilikaa siku moja, kisha siku tatu wauzaji walikwenda masoko ya mahali pengine, ndipo wakarudi. Waliuza samaki, kuku, muhogo, mawese, chumvi na vyungu. Wengine walivuka mto kwa mitumbwi, wengine walitembea mbali na mizigo mizito. Livingstone aliona pia jambo lililomshangaza: hata wanaume wa wilaya mbili wakipigana, wanawake wa soko walipita bila kuguswa. Hiyo ilikuwa sheria ya nchi, na watu waliishika.

Akina mama wanaopanga nyanya na usipa hapa Dzaleka watafahamu jambo hili bila kufundishwa. Soko linahitaji jambo moja kubwa kuliko pesa, nalo ni kuaminiana kwamba utafika salama na utarudi salama.

4. Tarehe 15 Julai 1871

Sehemu hii ni nzito. Wazazi waangalie umri wa watoto wao. Lakini haifai kuificha.

Asubuhi ya siku ile sokoni palikuwa na watu wapatao 1,500. Watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara aitwaye Dugumbe waliingia na bunduki. Mmoja alianza kubishana na muuzaji juu ya bei ya kuku. Mara wakaanza kufyatua risasi katikati ya watu. Watu wakatupa bidhaa zao, wakakimbilia mitumbwi iliyokuwa katika kijito. Mitumbwi ilikuwa mingi, mahali ni padogo, ikakwama. Kundi lingine lililosimama karibu na kijito likawapiga risasi pale pale. Wengi wakajitupa mtoni, wakaogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, na maji yakawachukua.

Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400. Siku hiyo hiyo, ng'ambo ya mto, kundi jingine lilikuwa likichoma vijiji. Sababu iliyotajwa ilikuwa ugomvi wa wafanyabiashara wao kwa wao juu ya nani ana haki ya kufanya urafiki na machifu. Walitaka waogopwe. Waliolipa ni wanawake waliokuja kuuza samaki.

Dugumbe mwenyewe aliweka watu katika mtumbwi mmoja kuwaokoa waliokuwa majini, wakapatikana watu 21. Mwanamke mmoja alikataa kupandishwa. Alidhani wanamwokoa ili wamfanye mtumwa, akaona heri kuendelea kuogelea. Tumfikirie mama huyo kidogo. Wako kati yetu waliowahi kuogopa hata mkono ulionyooshwa kuwasaidia.

Livingstone alitaka kuwapiga risasi wauaji, akazuiwa. Baada ya siku tano aliondoka Nyangwe, tarehe 20 Julai, akarudi Ujiji mgonjwa na amevunjika moyo. Huko ndiko Stanley alikomkuta mwaka ule ule. Habari za mauaji zilipofika Uingereza ziliwaongezea nguvu waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Biashara haikufa siku moja, lakini mlango wake mkubwa wa pwani ulifungwa.

Jambo moja la kujifunza juu ya maandishi. Huko Nyangwe karatasi na wino vilimwishia Livingstone, akaandika juu ya gazeti la zamani kwa maji ya mmea. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 kilipitia mikono ya mhariri. Mwaka 2011 wataalamu walitumia mianga ya aina mbalimbali kusoma yale maandishi yaliyofifia, wakaona tofauti, hasa kuhusu mwenendo mbaya wa baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe. Ndivyo historia ilivyo. Hata shahidi mwema huwa na mambo ya watu wake asiyopenda yajulikane, na hata rafiki zake humsaidia kuyafunika.

5. Kijana kutoka Malawi

Pamoja na Livingstone huko Nyangwe alikuwapo kijana aitwaye Chuma. Alikuwa Myao wa nchi hii tuliyo sasa. Mwezi Julai 1861, katika nyanda za juu za Shire, alifunguliwa kutoka mlolongo wa watumwa akiwa bado mtoto. Miaka kumi baadaye alikuwa kwenye ukingo wa Lualaba. Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Chuma na mwenzake Susi, mtu wa Shupanga huko Msumbiji, walikuwa viongozi wa wale walioubeba mwili wake kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo.

Watoto wetu wajue basi kwamba njia kati ya Malawi na Maniema si mpya. Sisi tumeipita kuja huku, na mtoto wa huku aliipita kwenda huko zamani sana, naye pia hakuianza kwa kupenda kwake.

6. Wageni wengine na mtumbwi uliokataliwa

Livingstone alikuwa na swali moja kubwa: je, Lualaba ndio mwanzo wa Nile? Alitaka mitumbwi ateremke aone. Wagenya hawakumwamini mgeni yeyote aliyetaka kuvuka, wakakataa kumpa. Mwaka 1874 akaja Mwingereza Verney Lovett Cameron. Naye akakosa mitumbwi. Baada ya yale ya 1871, nani angewalaumu?

Lakini Cameron alipima jinsi nchi ilivyoinuka juu ya usawa wa bahari. Akaona kwamba Lualaba pale Nyangwe uko chini kuliko Nile pale Gondokoro, Sudan Kusini ya leo. Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo Lualaba hauwezi kuwa Nile. Tazameni, watoto: kwa hesabu moja tu, bila mtumbwi, swali la miaka mingi likajibiwa.

Mwaka 1876 akafika Henry Morton Stanley. Yeye alikuwa na bunduki nyingi, na alifanya mapatano na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa mwenye makao Kasongo. Tarehe 5 Novemba 1876 wakaondoka Nyangwe pamoja. Tippu Tip alirudi njiani, Stanley akaendelea, na mwezi Agosti 1877 akatokea Boma karibu na Atlantiki. Mto ukajulikana ulimwenguni. Matokeo yake wenyeji wa kando ya mto waliyaona upesi: Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliusikia, na mwaka 1885 nchi yote ikaitwa mali yake.

7. Jinsi mji ulivyogeuka kijiji

Katika miaka hiyo Nyangwe ilikuwa mji. Palikuwa na nyumba kubwa za udongo, bustani, mashamba ya mpunga, na watu wa kila kabila: wenye mali, mafundi, wapagazi, watumwa na watoto wao. Mpunga wa Maniema, ambao hata leo husifiwa, ulienea wakati ule.

Mwaka 1892 vita vikaanza kati ya serikali ya Leopold na wakuu wa Kiarabu na Waswahili. Viongozi wa majeshi walikuwa Wazungu upande huu na Waarabu upande ule, lakini waliopigana na kufa walikuwa hasa watu wa nchi, pande zote mbili. Tarehe 4 Machi 1893 majeshi ya Francis Dhanis yaliingia Nyangwe, na mwezi Aprili yakachukua Kasongo. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nao, alikadiria kwamba Nyangwe ilikuwa na watu 30,000. Baada ya vita, alisema, ilibaki nyumba moja kubwa yenye ngome na kambi ya askari. Kufikia mwaka 1894 vita vilikuwa vimekwisha.

Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Wabelgiji walijenga reli kati ya Kindu na Kongolo ili kuepuka miamba ya mto. Reli ilipita upande wa pili wa mto. Mizigo na watu wakaenda Kindu, na Nyangwe haikurudia ukubwa wake.

Tunasema "mji wetu" kana kwamba utakuwapo milele. Nyangwe inatuonyesha kwamba mji unaweza kuisha katika mwaka mmoja. Lakini tazameni pia upande wa pili: watu wake hawakuisha. Wamanyema walitawanyika mpaka Kisangani, mpaka Kigoma na Ujiji, mpaka mtaa wa Buyenzi huko Bujumbura. Walipofika walilima, waliuza, walijenga, na wajukuu wao ni wenyeji wa huko leo.

8. Lugha tunayosema

Mtoto akiuliza, "Kwa nini sisi wa Kongo tunasema Kiswahili, na pwani ni mbali?", Nyangwe ni sehemu kubwa ya jibu. Lugha ilikuja na misafara ya biashara. Watu waliojiunga na wageni, wakavaa kama wao na kusema kama wao, waliitwa waungwana, yaani watu huru. Ndiyo maana Kiswahili cha Maniema na Kisangani kiliitwa Kingwana. Utawala ulipobadilika lugha ilibaki. Ilitumiwa na askari, na wafanyakazi wa migodi ya Katanga, na makanisa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba.

Hapa ndipo wengine wanakwama. Wanasema, "Basi lugha yetu ni ya waliotuuza." Ni kweli kwamba ilikuja pamoja na mnyororo. Lakini wale waliofungwa mnyororo waliichukua, wakaombea kwayo, wakabembelezea watoto, wakauzia mawese. Leo Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo hapa Dzaleka wanapatanishana kwa lugha hiyo hiyo. Asili mbaya haikuifanya iwe mbaya. Tena, katika familia zetu tukirudi nyuma vizazi vitano, nani anajua kama babu yake alikuwa muuzaji au muuzwaji? Wengine wana wote wawili. Kwa hiyo anayetumia historia hii kuwasema vibaya Waislamu, au Waarabu, au kabila fulani, hajaisoma vizuri. Majirani zetu Waislamu wa Maniema ni wajukuu wa mto ule ule.

9. Kijiji kingine cha ukingo wa mto

Mtu anaweza kuuliza: kuna faida gani kukumbuka mambo ya kuumiza? Jibu tulichukue kutoka Ufaransa, katika kijiji kiitwacho Le Chambon-sur-Lignon. Wanaojua Kifaransa wamekwisha kuelewa: ni Chambon ya kando ya mto Lignon. Ni mahali pa milimani, pa baridi kali, palipo na wakulima. Wengi wao ni Waprotestanti. Mababu zao waliteswa kwa ajili ya imani, hasa baada ya mwaka 1685, mfalme alipofuta sheria iliyowaruhusu kuabudu. Wengine walifungwa, wengine walikimbia nchi, wengine walisali kwa siri porini. Wajukuu walisimuliwa hayo nyumbani, kizazi kwa kizazi.

Mwaka 1940 Ujerumani ya Hitler iliishinda Ufaransa, na Wayahudi wakaanza kuwindwa. Watu wa Le Chambon na vijiji vya jirani, wakiongozwa na wachungaji André Trocmé na Edouard Theis, waliwapokea. Waliwaficha mashambani, shuleni na majumbani, mpaka mwaka 1944. Waliopona ni maelfu. Haikuwa bila gharama. Wachungaji hao wawili walikamatwa mwaka 1943 na kuachiliwa baada ya wiki kadhaa, lakini Daniel Trocmé, jamaa ya mchungaji, aliyekuwa akiwalea vijana wakimbizi, alikufa katika kambi ya Majdanek mwaka 1944.

Kwa nini wao walifungua mlango, na wengine wengi walifunga? Sababu ni zaidi ya moja, lakini hii imo: walikuwa wamefundishwa tangu utoto maana ya kuwindwa. Kumbukumbu ya maumivu inaweza kuzaa kisasi, na inaweza kuzaa mlango wazi. Inategemea anayeisimulia, na jinsi anavyoisimulia kwa watoto wake. Malawi nayo ina mfano wake: kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 nchi hii ndogo ilikuwa imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka Msumbiji. Wazee wa vijiji vya mpakani bado wanakumbuka.

10. Kazi ya nyumbani

Katika Yoshua sura ya 4 Waisraeli waliagizwa wachukue mawe kumi na mawili kutoka mto Yordani, ili siku moja watoto waulize maana yake na wazazi wajibu. Mawe hayo hayakuwa kwa ajili ya wale waliovuka, maana wao walijua. Yalikuwa kwa ajili ya wale waliozaliwa baadaye. Sisi hatukubeba mawe. Wengine hatukubeba hata nguo. Lakini tulibeba habari, na kila mzee anayezikwa hapa bila kusimulia anaondoka na kijiji kizima.

Kwa hiyo kila familia ifanye hivi kabla ya toleo lijalo:

Chukueni daftari moja. Ukurasa wa kwanza mchore kijiji cha baba, wa pili kijiji cha mama, pamoja na mto au ziwa, njia, soko, shule na kanisa. Kisha mwulizeni mtu mzima kuliko wote nyumbani, au jirani asiye na jamaa, maswali haya:

1. Mto wa kwetu unaitwaje, unatoka wapi, na maji yake yanaishia bahari gani?

2. Soko lilikuwa siku gani, na watu waliuza nini?

3. Majirani wetu walikuwa nani, wa makabila gani, na tulisaidiana vipi kabla ya vita?

4. Kijiji kilianza lini, na nani walikuwako kabla yetu?

5. Ni nani aliyetusaidia tulipokimbia, hata kama jina lake hatulijui?

6. Ni jambo gani watu wetu wenyewe walifanya vibaya, ambalo watoto wanapaswa kulijua ili wasilirudie?

Swali la sita ni gumu. Msiliruke. Andikeni bila kutukana kabila la mtu, na bila kutaja jina la mtu anayeweza kudhurika. Yenye machungu mengi yaandikwe kidogo kidogo, na mama au baba anayelemewa asilazimishwe. Anaweza kuanza na soko tu, au na samaki wa kwao tu.

Yule msichana wa karatasi tupu tulimpa ramani hii ya Lualaba. Aliifuata kwa kidole kutoka Bukama mpaka Kisangani, akasimama kwenye nukta ya Nyangwe, akauliza kama samaki bado wapo. Tukamjibu kwamba wapo, na Wagenya bado wanavua. Akaomba kalamu ya bluu.

Mungu awabariki, na awape subira ya kusimulia na masikio ya kusikia.